Miwani ya Kuku

Tarehe 16 Juni 1903, serikali ya Marekani ilimpa bwana mmoja aitwaye Andrew Jackson Jr., mkazi wa Munich katika jimbo la Tennessee, hataza ya kitu alichokibuni. Alikuwa amebuni miwani ya kuku. Sitanii. Michoro yake ipo hadi leo: vioo viwili vya duara, fremu, na kishikizo cha kuifunga kichwani ili kuku asiiangushe akikimbia. Sababu aliyoitoa ilikuwa fupi: kuku hudonoana, na macho yao yanahitaji kinga.

Waliomfuata waliongeza ujanja. Vioo vikatiwa rangi nyekundu, kwa hoja kwamba kuku akiona dunia nzima nyekundu hatatambua damu mgongoni mwa mwenzake, na asipoitambua hataifuata. Biashara ikashika. Mwaka wa 1955 muuzaji mmoja wa miwani hiyo alialikwa kwenye What's My Line?, kipindi cha runinga ambapo mgeni huja na kazi yake ya ajabu na jopo hubahatisha ni kazi gani. Halafu, kama vile miwani haitoshi, wakatokea watu wa kutengeneza lenzi nyekundu za kuingiza ndani ya jicho la kuku, na hadithi ya kampuni hiyo ikawa somo katika Chuo cha Biashara cha Harvard. Hebu piga picha: darasa zima la vijana wenye tai, wanapiga hesabu lenzi ya kuku iuzwe senti ngapi.

Nilikuwa nasoma haya usiku wa manane, simu ikiwa kwa chaja, kwa sababu shangazi yangu wa Juja alikuwa amenitumia picha kwa WhatsApp. Ilikuwa picha ya mgongo wa kuku. Ngozi tupu, nyekundu, kuanzia shingoni hadi mkiani, kama kuku aliyeanza kuandaliwa supu kisha akatoroka. Chini yake shangazi alikuwa ameandika: "Wananyonyoana. Leo wamekula mmoja mpaka matumbo. Wewe ndiye umesoma, niambie nifanye nini."

Mimi nilisomea historia, si mifugo. Lakini shangazi ndiye aliyenilipia karo ya kidato cha tatu na cha nne, na mtu kama huyo humjibu ati "hiyo si kozi yangu." Alikuwa ameanza na kuku 70 wa mayai, wa rangi ya kahawia, kwa mkopo wa chama. Walikuwa wamebaki 60. Trei mbili za mayai kwa siku zilikuwa zimeshuka hadi trei moja, na chama hungoja marejesho kila Jumapili ya kwanza ya mwezi bila kuuliza kuku wana shida gani. Aliwafuga katika vizimba vya waya alivyonunua kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara, vimepangwa ghorofa mbili chini ya bati. Jirani alimwambia dawa ni moja tu, kukata midomo. Kijana wa duka la dawa za mifugo alikuwa tayari kuja na kisu chake cha moto, akilipwa kwa kila kichwa. Shangazi alitaka jibu kabla ya Jumamosi.

Basi nikaanzia pale ninapojua kuanzia, yaani nyuma kabisa.

Kuku alitoka msituni. Babu yake ni kuku-mwitu mwekundu wa Kusini-Mashariki mwa Asia, ndege mwoga anayeshinda chini ya vichaka na mianzi na kulala juu ya matawi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2022 ulipitia upya mifupa ya kuku kutoka sehemu nyingi za dunia, ukasema kwamba kuku wa kufugwa wa kale zaidi wanaotambulika bila shaka ni wa Ban Non Wat, nchini Thailand, kati ya mwaka wa 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Na kilichomtoa msituni, kwa maoni ya watafiti hao, ni nafaka. Watu walilima mpunga na mtama, punje zikamwagika, naye akazifuata. Hakuna aliyemfunga kamba. Alikuja mwenyewe, akichakura.

Hilo la kuchakura lishike, tutalirudia. Mwaka wa 1989 Marian Stamp Dawkins wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha hesabu ya jinsi kuku-mwitu wanavyotumia saa zao za mchana. Katika kila dakika 100 alizowatazama, walionekana wakidonoa ardhi katika dakika 60, na wakichakura kwa miguu katika dakika 34. Na hao walikuwa kuku wanaolishwa, si wenye njaa. Kwa lugha ya mtaani, hiyo ndiyo kazi yake. Anaamka, anaenda job, job ni ardhi.

Kwetu Afrika Mashariki alikuja kwa njia zaidi ya moja. Ethiopia walimpata mapema, karne kadhaa kabla ya Kristo. Pwani yetu ilichelewa: utafiti wa mwaka wa 2017, uliochunguza upya mifupa kutoka visiwani na bara, ulionyesha kwamba kuku na panya weusi hawakufika huku kabla ya karne ya 7 hivi baada ya Kristo. Walikuja pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi. Napenda kuwawazia ndani ya jahazi moja, abiria aliyealikwa na abiria aliyejialika.

Jina lake nalo lina safari yake. Mkikuyu na Mkamba wanamwita nguku, Mluhya ingokho, Mkisii engoko, na Mzulu, maelfu ya kilomita kusini, inkukhu. Ndege aliyetoka Asia akapewa jina ambalo Wabantu karibu wote wanalitambua. Magharibi mwa Kenya alipanda cheo hadi akawa na itifaki: firigisi, imondo, ina mwenyewe mezani, na ole wako uiguse kabla ya mwenye nyumba.

Sasa, kwa muda wote huo, kuku aliishi wapi? Alilala jikoni karibu na joto la mafiga, au ndani ya tundu la fito, au chini ya tenga lililofunikwa, au juu ya mti. Banda, pale lilipokuwepo, lilikuwa la usiku. Lilijengwa kwa sababu ya kicheche na mwizi. Kukipambazuka mlango ulifunguliwa na kuku akaenda zake. Aliyefungwa mchana alikuwa mgeni peke yake, ndiyo maana tunasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Na hata yeye kamba ilikuwa ya siku chache, mpaka ajue kwake ni wapi na wenyeji waache kumdonoa kichwani.

Kumfunga mchana kutwa, maisha yake yote, ni jambo la juzi. Malkia Victoria alikuwa na nyumba ya kuku ya kifahari huko Windsor katika miaka ya 1840, lakini hata hao wa kifalme walikuwa na uwanja wa kutembea. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1920. Mwaka wa 1923, mama mmoja wa Ocean View, Delaware, jina lake Cecile Steele, aliagiza vifaranga 50 akaletewa 500. Badala ya kuwarudisha akawajengea kibanda cha mbao, akawakuza, akawauza kama nyama na kupata faida. Mwaka wa 1926 alikuwa na jengo la kuweka kuku 10,000. Kibanda chake cha kwanza kimehifadhiwa hadi leo kama sehemu ya kihistoria, kwa sababu ndipo biashara ya broila inapohesabiwa kuwa ilianzia.

Lakini Steele asingefika mbali bila jambo jingine lililotokea maabarani miaka hiyohiyo. Kabla ya hapo, kuku aliyefungiwa ndani muda mrefu alilegea miguu na kufa, kwa sababu hakupata jua. Vitamini D ilipotambuliwa mwaka wa 1922, wafugaji wakaelewa kwa nini mafuta ya ini la samaki yakichanganywa na chakula yanafanya kazi ya jua. Kuanzia hapo kuku angeweza kuwekwa ndani mwaka mzima. Jua likaingia kwenye gunia la chakula. Baada ya jua, ardhi nayo ikaondolewa: kuku wa mayai wakapandishwa juu ya waya, kinyesi kipite chini, yai libingirike mbele. Ilipofika katikati ya karne, kizimba cha waya kilikuwa ndicho maendeleo yenyewe. Kizimba cha Ulaya cha mwisho mwisho kiliruhusiwa kumpa kila kuku sentimita 550 za mraba. Chukua karatasi ya A4, ile ya kuchapishia CV. Ni kubwa kuliko hapo.

Na ni hapo, kuku wanapofungiwa wengi pamoja, ndipo vitabu vya ufugaji vinajaa habari za kunyonyoana na kulana.

Dawa ya wakati huo ilielekezwa kwenye mdomo. Katika miaka ya 1930 kituo cha utafiti wa kilimo cha Ohio kilieneza ukataji wa ncha ya mdomo. Miaka ya 1940 mwanzoni, mfugaji mmoja wa San Diego akagundua kwamba akichoma mdomo wa juu kwa moto wa gesi, kuku hawezi tena kushika unyoya. Jirani yake akaboresha kwa chuma cha kulehemu chenye makali. Kampuni moja ya hapo ikatengeneza mashine, na mashine ikazunguka dunia. Kisu cha moto cha yule kijana wa Juja ni kitukuu chake.

Kwa miaka mingi watu walisema mdomo ni kama kucha, ukikata haumi. Si kweli. Mwaka wa 1985 Breward na Gentle, waliokuwa wakifanya utafiti Edinburgh, walionyesha kwamba neva zilizokatwa mdomoni huota vifundo na kuendelea kupeleka ishara zisizo za kawaida, kama zile za mtu aliyekatwa mguu na bado anahisi kidole kinauma. Mdomo wa kuku una hisi nyingi. Ndiyo mkono wake.

Nilipofika hapa nilimpigia shangazi. "Kwa hivyo nisikate?" akauliza. Nikamwambia ngoja kidogo. Akaguna. Shangazi akiguna, ujue muda unayoyoma.

Kuna kosa moja ambalo hata watu wa mifugo hulirudia, nalo lina chanzo cha kihistoria. Mtoto mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alikuwa na mazoea ya kukaa na kuku na kuandika daftarini nani kamdonoa nani. Alipokua akaifanya kazi ya chuo, na katika miaka ya 1921 na 1922 akachapisha matokeo: kuku wana ngazi. Wa kwanza humdonoa yeyote, wa pili humdonoa yeyote isipokuwa wa kwanza, hivyo hivyo hadi wa mwisho ambaye hudonolewa na wote. Wazo hilo lilitoka bandani likaenda maofisini, na leo watu wanalitumia kueleza mabosi, matatu na siasa. Kwa hiyo mtu akiona kuku hana manyoya mgongoni, anasema: si ni ile ngazi yao? Wanaonyeshana ubabe.

Lakini kuku anayeonyesha ubabe hudonoa kichwani na kwenye upanga. Mara moja, kwa nguvu, mwingine anakimbia, kesi imeisha. Anayenyonyoa hufanya kitu tofauti kabisa. Husimama nyuma ya mwenzake, kwa utulivu, akachagua unyoya mgongoni au kwenye mkia, akauvuta, mara nyingi akaumeza. Aliyenyonyolewa wakati mwingine husimama tu. Hakuna hasira pale. Mwaka wa 1972 Hughes na Duncan walikwishaonyesha kwamba mbegu ya kuku na mazingira yake vinachangia. Kisha mwaka wa 1986 Mholanzi Harry Blokhuis akaandika jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha hadithi hii yote: kunyonyoa ni kule kudonoa ardhi, kulikopotea njia. Kuku aliyeumbwa kudonoa dakika 60 kati ya kila 100, ukimweka juu ya waya, haachi kudonoa. Anatafuta kitu kingine cha kudonoa, na kitu pekee kilicho karibu, chenye kucheza-cheza na kuvutika, ni manyoya ya jirani.

Soma tena orodha ya dawa kwa jicho hilo. Miwani, lenzi, kisu cha moto, taa nyekundu. Miongo mingi ya uvumbuzi, na karibu yote inashughulika na jicho au mdomo wa kuku. Ardhi ndiyo iliyokuwa imehamishwa.

Wapo waliolisikia hilo mapema. Ruth Harrison alichapisha Animal Machines mwaka wa 1964, Uingereza ikaunda kamati ya Brambell, nayo ikatoa ripoti mwaka uliofuata. Norway ilipiga marufuku ukataji wa midomo mwaka wa 1974, Finland 1986, Sweden 1988. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka wa 1999 sheria ya kuondoa vile vizimba vitupu, ikaanza kutekelezwa kikamilifu Januari 2012. Vizimba vya kale haviozi, lakini. Chuma husafiri. Mimi nikiviona vimepangwa kwa shangazi chini ya bati huwaza ni nchi ngapi vimepitia.

Nimetaja mbegu ya kuku. Hapa kuna kisa cha Marekani ambacho nimekisimulia kila sherehe tangu nikijue, na watu wameanza kunikwepa. Kwa kawaida ukitaka kuku wa mayai mengi, unachagua yule aliyetaga zaidi ya wenzake kizimbani, unazalisha kwake. William Muir wa Chuo Kikuu cha Purdue aliona kasoro. Huenda aliyetaga zaidi ndiye aliyewanyanyasa wengine wasile wala wasitage. Kwa hiyo akaacha kuchagua kuku mmojammoja, akachagua vizimba: kizimba kizima kilichotaga vizuri na kubaki hai ndicho kilichotoa wazazi, na midomo yao haikukatwa. Katika matokeo aliyochapisha mwaka wa 1996, vifo kwa mwaka vilishuka kutoka asilimia 68 hadi chini ya asilimia 9, ndani ya vizazi vichache. Kuku walewale, waya uleule, wazazi tu ndio walichaguliwa kwa hesabu nyingine.

Huku kwetu hesabu ya mbegu ilikuwa ya aina yake. Mwaka wa 1976 serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Uholanzi, ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuendeleza kuku. Sehemu yake moja ilikuwa ya kubadilishana majogoo: unatoa wa kienyeji, unapewa wa kizungu, mwenye mwili mkubwa. Shangazi anakumbuka jogoo wa namna hiyo nyumbani kwa nyanya. Alikuwa mzuri mno, anasema, na mwewe alimpenda kwa sababu hakujua kukimbia. Kuku wa kienyeji aliyebaki, yule mwembamba wa miguu mirefu, hajawahi kuonekana na mgongo mtupu kwa kunyonyolewa. Hana akili kuliko hawa wa kahawia. Ana uwanja.

Ijumaa nikampigia tena. Nikamwambia asikate, tujenge.

"Tujenge na pesa gani, mwanangu?"

Lilikuwa swali la haki. Vizimba vilikuwa vya chuma kizuri, na Juja ina mafundi wa kulehemu wanaotafuta chuma kila siku. Tuliviuza viwili, tukabakisha kimoja kwa kuku wagonjwa. Pesa hiyo ilinunua nguzo za mkalitusi, mbao, misumari, mabati matatu ya kuongezea paa na waya wa kuku wa kuzungushia. Fundi alikuwa kijana wa mtaa huohuo. Alituangalia tukipima kwa futi, akauliza kama kuku hawa watalipa kodi.

Nilikuwa na vipimo vya ile sheria ya Ulaya ya 1999 kwa simu, vile vinavyohusu kuku wasiofungiwa vizimbani, na lazima niseme, kwa kitu kilichoandikwa na wanasheria, kinajengeka vizuri. Kinasema wasizidi kuku 9 kwa mita moja ya mraba. Sisi tulijenga mita 3 kwa mita 4, kuku 60, yaani 5 kwa kila mita, kwa sababu Juja ina joto na kuku aliyebanwa kwenye joto hukasirika kama abiria wa Thika Road saa kumi na mbili jioni. Upande mrefu ukafuata mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lisipige ndani moja kwa moja. Ukuta ukawa bati hadi usawa wa goti, juu yake waya mtupu, hewa ipite.

Fito za kulalia: sentimita 15 kwa kila kuku. Zidisha kwa 60, unapata mita 9, yaani fito tatu za mita tatu. Lakini urefu kutoka chini ndio muhimu. Fito ikiwa chini sana, kuku aliyekaa juu anaweka mkia wake usawa wa mdomo wa aliye sakafuni, na huko ndiko kunakoanza kuliwa matumbo. Tukaweka sentimita 70 na zaidi. Fundi alizilainisha pembe kwa randa ili wasiumie nyayo.

Viota: kimoja kwa kuku 7, kwa hiyo 9. Tulitengeneza kwa masanduku ya mbao ya matunda, tukafunika mbele kwa kitambaa cha gunia. Giza lile lina kazi. Kuku akishataga, sehemu ya ndani hubaki nje kwa muda mfupi, nyekundu, yenye unyevu. Wengine wakiiona, wanaidonoa. Kizimba cha waya hakina pazia.

Kisha sakafu. Hapa ndipo tulipomwaga jasho na pia pesa iliyobaki. Juu ya saruji tulitandaza maranda kutoka kwa seremala, unene wa kiganja kizima, na kona moja tukaweka tairi kuukuu la lori lililojaa udongo mkavu, mchanga na majivu ya jikoni, la kuogea. Kila asubuhi shangazi angerusha konzi mbili za mahindi yaliyovunjwa ndani ya maranda. Si chakula hicho, ni kazi. Kwenye kamba tukaning'iniza sukuma wiki, kichwa chini, juu kidogo ya usawa wa kichwa cha kuku, wakivuta inayumba.

Chakula chenyewe tulikiangalia pia. Unyoya karibu wote ni protini, na kuku anayekosa protini, hasa ile yenye salfa, au chumvi, huanza kuutamani. Shangazi alikuwa amehamia chakula cha bei nafuu wiki chache kabla ya shida kuanza. Akarudi kwa kile cha awali, polepole, akikichanganya na omena iliyosagwa. Akachagua unga badala ya tembe, kwa sababu unga huchukua muda mrefu kuula na mdomo ukiwa na shughuli hautafuti nyingine. Utitiri tukautafuta chini ya mabawa usiku kwa tochi, haukuwepo. Balbu kali iliyokuwa ikiwaka hadi usiku tukaibadilisha na hafifu. Waliokuwa na vidonda wakapakwa ile dawa ya zambarau, inayoficha wekundu, wakakaa kando mpaka ngozi ikauke.

Jumamosi ya pili, jioni, tukawaachilia. Nilitarajia vurugu. Walisimama. Kuku 60 ambao hawajawahi kukanyaga kitu kisicho waya walisimama kwenye maranda kama wageni waliofika mkutano ambao bado haujaanza. Mmoja akainua mguu, akauangalia. Akachakura mara moja, akarudi nyuma kuangalia alichofukua. Hakikuwa chochote. Akachakura tena. Ilichukua kama nusu saa, kisha banda zima likawa na sauti moja, kama mvua nyepesi juu ya majani makavu. Shangazi alikaa juu ya ndoo akawatazama hadi giza likaingia.

Sasa, nisikuuzie muujiza. Ndani ya wiki ya kwanza walipigana, kupigana kwa kweli, kichwani, kwa sababu ngazi ya yule mtoto wa Norway ilibidi ipangwe upya miongoni mwa kuku 60 wasiojuana. Hiyo ilipita. Kunyonyoana kulipungua lakini hakukukoma: walibaki watatu ambao walikuwa wamelizoea, na kuku aliyelizoea ni vigumu kumwachisha. Hao walirudishwa kwenye kile kizimba kilichobaki, na Desemba wakaliwa. Mayai yalipanda taratibu, 38, 41, 47. Hayakurudi 60. Marejesho ya Jumapili ya kwanza yalilipwa, ya mwezi uliofuata pia, la tatu shangazi aliongezea kutoka mfukoni.

Manyoya yanarudi kwa namna mbili. Uliong'olewa mzima na shina lake huota baada ya wiki chache. Uliokatika katikati hungoja mpaka kuku abadilishe manyoya, hata kama ni miezi. Kwa hiyo ukienda Juja leo utaona migongo ya kila aina, mingine imejaa, mingine ina vishina vya bluu vinavyochomoza, kama ndevu za kijana wa kidato cha nne.

Wiki iliyopita alipiga simu kuagiza vifaranga wa kundi lijalo. Alikuwa ameweka spika ili nisikie. Mwenye kuuza akamuuliza anataka waliokatwa midomo au la. Waliokatwa wanaongezewa pesa kidogo. Shangazi alisema la. Kisha akauliza kitu ambacho nilikuwa nimemtajia mara moja tu, jikoni, nikidhani hasikii: kwamba kifaranga asiyejua kuchakura tangu siku za kwanza ndiye anayekuja kunyonyoa akikua. "Hao vifaranga wako," akasema, "mnawalaza juu ya waya ama juu ya maranda?"

Upande wa pili ukanyamaza kidogo. "Mama, ni vifaranga wa siku moja."

"Basi nitawachukua siku hiyohiyo," shangazi akasema, akaanza kuulizia bei.